Sura ya Tano: Furu na Nuru ya Maji

Mtu anayetaka kujua jinsi spishi mpya za wanyama zinavyozaliwa duniani aghalabu hupelekwa kwa fikra hadi visiwa vya Galápagos, katika bahari ya Pasifiki, ambako Charles Darwin alishuka mwaka 1835 akakusanya ndege wadogo ambao midomo yao, baada ya kupimwa na kulinganishwa na wajuzi, ikawa hoja mashuhuri katika elimu ya viumbe. Sina neno baya juu ya ndege wale, wala juu ya nondo wa Uingereza waliobadilika rangi wakati magome ya miti yalipofunikwa na masizi ya viwanda. Ni ushahidi mzuri, na nafasi waliyopewa katika vitabu wanaistahili. Lakini kijana wa Mwanza, wa Bukoba, wa Musoma, wa Kisumu au wa Jinja anayefunuliwa kurasa hizo darasani ana haki ya kuambiwa, kabla hajavushwa bahari, kwamba ziwa ambalo maji yake huyanywa kila siku limezaa spishi zaidi ya 500 za samaki walio ndugu, na kwamba haujulikani mfano mwingine wa wanyama wenye uti wa mgongo ambao namna zao zimeongezeka kwa wingi huo katika muda mfupi kiasi hicho. Samaki hao ni furu.

Kwa umbo, furu hana makuu. Wengi wao hawafiki urefu wa shubiri. Huuzwa kwa mafungu mialoni, huanikwa juani wakakauka, na wavuvi wa sangara huwatunga katika ndoana kuwa chambo. Ajabu yao imo ndani. Chukua furu mbichi, inua kifuniko cha shavu, kata matamvua uyaondoe, kisha chungulia nyuma ya kinywa pale koo linapoanzia: utaona mfupa wa pembetatu, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, umelala chini ya njia ya chakula, na juu yake mifupa miwili mingine imeukabili, na yote mitatu imeota meno. Hayo ni mataya ya pili. Mataya ya mbele, ambayo kila mtu huyaona, hukamata. Haya ya kooni hupasua, husaga na huchambua kilichokamatwa, na kwa sababu kazi ya kusaga imechukuliwa na koo, kinywa cha mbele kimepata uhuru wa kurefuka, kufupika, kupanuka au kuelekea chini, kwa kadiri ya riziki ambayo mwenyewe anaitafuta. Mwanazuoni Karel Liem aliieleza siri hii mwaka 1973, akaona humo sababu kubwa ya samaki wa jamaa ya Cichlidae, ambayo furu na sato wote wamo, kuweza kuenea katika kila namna ya maisha ambayo maziwa yetu yanawapa.

Na namna hizo za maisha ni nyingi kupita matarajio. Wako furu wanaokwangua mwani juu ya mawe, kwa meno yaliyopangwa safu nyuma ya safu. Wako wanaokula vijidudu vinavyoelea majini, na meno yao ya kooni ni membamba yenye ncha. Wako wanaovunja konokono, na mfupa wao wa koo ni mnene, meno yake butu na mviringo. Wako wala matope, wala wadudu, wala uduvi, wala kaa, wala samaki wenzao. Wako wanaonyofoa magamba ya wengine. Na wako hata wale ambao huvizia majike waliobeba mayai kinywani, wakawalazimisha kuyatema, wakayala. Kazi zote hizi zimegawanywa baina ya ndugu ambao, mtu akiwaona wamelundikwa pamoja katika karai, atadhani ni samaki wa namna moja.

Mmoja wao anastahili kutazamwa kwa utulivu, maana anamfundisha mwanafunzi tofauti ambayo watu wazima wengi huichanganya. Huyu ni mvunja konokono aitwaye na wataalamu Astatoreochromis alluaudi. P. H. Greenwood, mwanazuoni wa samaki aliyefanya kazi Jinja katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki wakati wa miaka ya 1950, alionyesha mwaka 1965 kwamba furu huyu akilelewa kwa chakula laini mfupa wake wa koo haunenepi kama wa nduguze wa ziwani, ambao tangu udogo wao wamekuwa wakivunja magamba ya konokono. Watu walikuwa wamemtia matumaini makubwa: walimweka katika mabwawa ili apunguze konokono waenezao kichocho, ugonjwa uliowatesa watoto wa kandokando ya ziwa kwa vizazi. Bwawani, ambamo chakula laini hupatikana bila taabu, samaki yule alikua na koo dhaifu na konokono hakuwashughulikia kama ilivyotarajiwa. Hapa basi pana mabadiliko ambayo mnyama huyapata katika maisha yake mwenyewe kwa sababu ya chakula chake, na hayo hayarithiwi na watoto. Na pana mabadiliko mengine yaliyoandikwa katika jeni, yanayopita kutoka mzazi hadi mtoto, ambayo kwayo ukoo mzima huachana na ukoo mwingine. Mwalimu aliyewahi kujaribu kuieleza tofauti hii kwa maneno matupu anajua ilivyo ngumu, na mfupa mmoja wa samaki huyu ungemwondolea nusu ya uzito wa kazi yake.

Na iwe ruhusa nitoke kidogo katika Ziwa Victoria niende Tanganyika, ziwa kongwe lenye kina cha mita 1,470 na umri wa mamilioni ya miaka, maana huko yuko samaki wa jamaa hii hii ambaye sijui mfano bora kuliko wake wa kueleza uteuzi wa asili. Perissodus microlepis huishi kwa kunyofoa magamba ya samaki walio hai. Humjia mawindo wake kwa nyuma, akampiga ubavuni, na kinywa chake kimepinda upande: wengine wamepinda kulia, nao hushambulia ubavu wa kushoto, wengine wamepinda kushoto, nao hushambulia ubavu wa kulia, na mtoto huipata hali hiyo kwa urithi. Mtafiti Michio Hori wa Japani alifuatilia idadi za makundi haya mawili mwaka baada ya mwaka, akachapisha matokeo yake mwaka 1993. Aliona kwamba wapinda-kulia wakizidi, mawindo hujifunza kuulinda ubavu wa kushoto, na njaa ikawapata wale walio wengi, ilhali wapinda-kushoto, kwa uchache wao, hupata shibe na kuzaa zaidi. Kisha wachache wakawa wengi, na zamu ikageuka. Hivyo makundi mawili hubaki karibu sawa, kila moja likipanda na kushuka, wala hakuna linalolimaliza jingine. Hapana nguvu ya siri humo: ni njaa na shibe, na ubavu uliolindwa na usiolindwa.

Narudi Victoria. Wataalamu wa ardhi walitoboa matope ya chini ya ziwa hili wakatoa ushahidi uliowashtua wanabiolojia, kwa kuwa ndani ya matope yale walikuta tabaka la udongo uliowahi kuwa nchi kavu: ziwa lote, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000 na kina kisichozidi sana mita 80, lilikauka, na likajaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita. Ikiwa ni hivyo, wale furu 500 na zaidi wamepatikana lini? Ubishi ulikuwa mkali. Wengine walisema muda huo hautoshi abadan, na wengine wakatafuta asili ya furu katika Ziwa Kivu na maji mengine ya jirani. Nuru ilizidi mwaka 2017, wakati Joana Meier na wenzake walipozisoma jeni za samaki hawa wakaonyesha kwamba furu wa Victoria na wa maziwa ya jirani wametokana na machotara: ukoo mmoja uliotoka upande wa Kongo ulikutana na mwingine wa upande wa Nile, yapata miaka 150,000 iliyopita, wakazaana, na uzao wao ukarithi hazina ya tofauti kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo ziwa lilipojaa upya na kufungua ghuba zake, miamba yake, mchanga wake na vilindi vyake, tofauti za kuteuliwa zilikuwa zimekwisha kuwekwa akiba. Spishi ni changa, lakini vilivyoziunda ni vya kale. Naliona jambo hili kuwa zuri mno, kwamba wingi wote ule ulianza kwa mkutano wa wageni wawili.

Sasa tuje kwenye rangi, maana ndiko roho ya sura hii iliko. Jike wa furu hutaga mayai machache, akayabeba kinywani mwake mpaka yaanguliwe na hata baada ya watoto kuanza kuogelea, naye kwa siku zote hizo hula kwa shida au hali kabisa. Mzigo huo ni mkubwa, na mwenye kuubeba huchagua kwa makini dume wa kuzaa naye. Dume hana anachosaidia katika malezi. Mali yake ni eneo alilolishika na rangi alizovaa, nyekundu, buluu, manjano, na madoa ya duara katika pezi la chini yanayofanana na mayai. Karibu na visiwa vya miamba vya Ghuba ya Mwanza huishi ndugu wawili, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Majike wao wana rangi hafifu nao karibu hawatofautiki. Bali dume wa kwanza ana rangi ya buluu ya kijivu, na wa pili ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano, na wote wawili wana milia myeusi. Huyu wa pili alielezwa katika elimu mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, mwendo mfupi kutoka maji hayo hayo.

Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike wa spishi hizi katika matangi, wakawaonyesha madume wa rangi zote mbili. Chini ya nuru nyeupe kila jike alimwendea dume wa ukoo wake. Kisha wakageuza taa, wakaweka nuru ya rangi ya machungwa peke yake, ambayo chini yake mwekundu na wa buluu huonekana sawa. Na majike wakaacha kuchagua, wakawaendea wote bila kupambanua. Ukuta uliozitenga spishi mbili, basi, ulikuwa umejengwa kwa macho ya jike, nayo macho hayo yalitegemea nuru. Mwaka 2008 watafiti hao walikwenda mbali zaidi, wakazichunguza jeni za chembe za jicho zinazohisi wekundu. Maji ya ziwa, kwa matope na mwani uliomo, humeza nuru ya buluu mapema, na kadiri mtu anavyozama nuru inayobaki huelekea wekundu. Furu wa buluu huishi juu, mwekundu huishi chini yake kidogo, na jicho la kila mmoja limelingana na nuru ya makao yake. Katika kisiwa cha Makobe, ambako jicho hupenya maji zaidi ya mita mbili, wawili hawa ni mbalimbali kwa rangi, kwa jeni na kwa kina wanachokaa. Katika kisiwa cha Luanso, ndani ya ghuba, ambako maji ni machafu na jicho haliendi zaidi ya nusu mita, hakuna wawili: liko kundi moja la samaki wa rangi zilizofifia na kuchanganyika.

Hili nataka msomaji alishike, kwa kuwa watu tumezoea kudhani kwamba mnyama hutoweka kwa kuuawa tu. Maji yakichafuka, kwa udongo unaomomonyoka kutoka mashamba yaliyokatwa miti, kwa taka za miji, kwa mbolea zinazonenepesha mwani, spishi mbili zaweza kuwa moja bila samaki hata mmoja kufa. Hapana mzoga utakaoelea, wala wavu utakaolaumiwa. Watoto watazaliwa kama kawaida, ila hawatakuwa tena kama mababu zao, na kilichochukua maelfu ya miaka kutengana kitakuwa kimeungana katika vizazi vichache.

Kuuawa nako kulikuwako, na kwa kiwango cha kutisha. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara aliingizwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, kwa hoja kwamba furu ni samaki duni wasio na faida na kwamba afadhali wageuzwe kuwa nyama ya samaki mkubwa. Si kwamba hakuna aliyeonya: Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kulipinga jambo hilo kwa sababu za kitaalamu, na maneno yake hayakuzuia kitu. Kwa miaka ishirini sangara alikaa kimya. Kisha, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, akafumka. Furu, ambao walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa tabaka la chini la ziwa, wakapungua hata nyavu za kukokota zikarudi bila wao. Ilitukia kwamba tangu mwaka 1977 kundi la wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, miongoni mwao Frans Witte, na baadaye Tijs Goldschmidt, lilikuwa Mwanza likiwahesabu na kuwaeleza furu wa ghuba; wakajikuta wanaandika orodha ya viumbe huku viumbe wenyewe wakitoweka mbele ya macho yao. Spishi zinazokadiriwa kufikia 200 zilipotea, au zikawa adimu kiasi cha kutoonekana, na nyingi kati yake hazikuwa zimepata hata jina. Khasara hiyo, kwangu mimi, ni miongoni mwa misiba mikubwa iliyowapata wanyama wa Afrika, nayo haikupata maombolezo ya kadiri yake, kwa sababu ilitokea chini ya maji na waliokufa walikuwa wadogo. Siwasahau waliofaidika, minofu ya sangara ilisafirishwa hadi Ulaya, viwanda vikajengwa, na watu wengi wa ziwa wakapata fedha ambazo furu hakuwahi kuwapa. Lakini bei ya fedha hiyo haikuandikwa katika hesabu yoyote.

Wengine walinusurika. Uvuvi ulipompunguza sangara katika miaka ya 1990, baadhi ya furu walirudi, hasa wala vijidudu wa maji ya wazi, na waliorudi hawakuwa vile vile. Haplochromis pyrrhocephalus wa baada ya msiba alikutwa na matamvua mapana kuliko ya samaki wa ukoo wake waliohifadhiwa katika chupa kabla ya msiba, maana maji aliyorudia yalikuwa na hewa haba. Mabadiliko hayo yalitimia kwa miongo miwili hivi, na yaweza kupimwa kwa rula na darubini na mtu yeyote mwenye chupa za kale na samaki wa leo. Chupa za kale, hata hivyo, nyingi zao ziko Leiden na London. Mwanafunzi wa Mwanza anayetaka kumwona kwa macho furu aliyetoweka kutoka ghuba ya kwao hana budi kuomba viza.

Ndiyo sababu nasema kwamba elimu ya wanyama katika nchi za ziwa imekaa mahali si pake. Somo la mageuko hufundishwa Tanzania katika kidato cha nne, kwa Kiingereza, mwishoni mwa masomo, wakati mitihani imekwisha kukaribia. Wako walimu wanaolipita upesi kwa kukosa mifano ya kushika mkononi, na wako wanaolipita kwa hofu ya kugusa imani za wanafunzi. Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa imani ni jambo la taadhima. Lakini furu hamtaki mtoto akane chochote. Anamtaka atazame koo, apime pezi, ahesabu meno, aulize kwa nini ndugu wawili wa jiwe moja hawaoani Makobe na wanaoana Luanso, kisha atoe jibu linaloweza kukaguliwa na mwenzake. Na vyombo vinavyohitajika ni vya senti chache: kisu kikali, kioo cha kukuzia, ubao, na fungu moja la furu kutoka mwaloni.

Kipimo cha maji nacho ni rahisi vivyo hivyo. Ni sahani ya duara, nyeupe au ya nyeusi na nyeupe, yenye uzito chini yake, iliyofungwa kamba yenye alama kila sentimita kumi. Mtu huishusha kutoka mtumbwini upande wa kivuli, wakati wa adhuhuri, mpaka isionekane, akasoma kamba, akaandika. Watafiti waliopima Makobe na Luanso walitumia chombo cha namna hiyo hiyo. Shule ya sekondari ya Ukerewe, ya Sengerema au ya Rusinga inayoshusha sahani hiyo mahali pale pale kila mwezi, na kuandika kando ya kipimo ni furu wa rangi zipi waliokamatwa siku ile na wavuvi wa karibu, na ni wangapi ambao rangi yao haijulikani ni ipi, itakuwa baada ya miaka kumi na daftari ambalo taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, pale Mwanza, na chuo kikuu chochote cha nje, wataliomba kwa adabu. Daftari hilo libaki shuleni, na nakala ndiyo itolewe.